JERAHA BILA DAFTARI HUPOTEA BILA HABARI

Ndugu Wafanya Kazi wa Reli, na ninyi nyote wa Makueni na Kitui mnaosoma karatasi hii,

Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wa reli twaongeza: na jeraha bila daftari hupotea vivyo hivyo. Mtu huumia mchana kweupe, mbele ya gengi zima, damu yake ikaonekana juu ya kokoto. Baada ya miezi sita huulizwa ofisini kana kwamba hapana aliyeona: "Uliumia wapi? Siku gani? Nani ajua kama ulikuwa kazini?" Wakati huo damu imekauka, gengi limehamishwa, na nyapara amesahau. Kilichobaki ni karatasi. Karatasi ikiwa mbovu, mtu mzima huhesabiwa kuwa si kitu.

Leo twataka kusema habari ya jeraha moja tu, yaani jeraha wazi la nyonga, na jinsi linavyoandikwa. Wako watakaosema kwamba hayo ni mambo ya madaktari na makarani, hayafai katika karatasi ya chama. Twawajibu hivi: mshahara huandikwa na makarani pia, lakini hatujapata kumwona mfanya kazi asiyetaka kujua kilichoandikwa katika mshahara wake. Basi kwa nini asitake kujua kilichoandikwa juu ya mwili wake?

KWA NINI NYONGA

Nyonga ni mahali mguu unapoungana na kiwiliwili. Ukibeba taruma, uzito hupita nyongani. Ukiinama kukaza bolti, ukipanda behewa, ukichuchumaa, hata ukiketi kula, nyonga hufanya kazi. Aliyeumia kidole aweza kupewa kazi nyingine akaendelea. Aliyeharibika nyonga hata kulala ubavu ni taabu.

Tena chini ya ngozi ya pale yako mambo makubwa. Kwa nyuma hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoshuka mpaka unyayoni. Kwa mbele, kwenye kinena, hupita mshipa mkubwa wa damu. Ndani kabisa kipo kiungo chenyewe, kichwa cha mfupa wa paja kikizunguka ndani ya kikombe chake. Tundu la ncha ya mtaimbo kwa nje laweza kuonekana dogo kama mdomo wa chupa, na kwa ndani likawa limefika mfupani. Na kazi yetu si kazi safi. Pana kokoto, kutu, grisi na udongo, na katika udongo hukaa vijidudu vya pepopunda. Jeraha la namna hiyo likishonwa upesi bila kusafishwa mpaka chini, huo si uponyaji, ni kufunika moto kwa majani.

Kwa sababu hiyo neno "kidonda" peke yake halitoshi.

HABARI YA MWENZETU

Yuko mwenzetu mmoja, mtu wa upande wa Mutomo katika Kitui. Hatutaji jina lake, wala la mwajiri wake, wala la hospitali. Alikuwa kibarua wa njia huku Makueni. Siku moja walikuwa wakiinua reli, mtaimbo ukateleza, ncha yake ikamwingia nyonga ya kulia kwa ubavu, akaanguka juu ya kokoto. Wenzake walimfunga kwa shati, wakamweka juu ya pikipiki, akafikishwa kwenye matibabu akiwa hai. Kwa hilo twawashukuru wenzake.

Sasa sikieni kilichoandikwa katika daftari lake, lile daftari la shule ambalo kila mgonjwa hununua dukani na kwenda nalo: "Kidonda mguuni. Kimesafishwa, kimeshonwa. Dawa. Arudi siku 7."

Basi. Maneno manane. Mguu gani? Hapana. Mahali gani pa mguu? Hapana. Urefu na kina? Hapana. Kilichomchoma ni kitu gani? Hapana. Je, alikuwa kazini, au alikuwa akipasua kuni nyumbani? Hapana.

Yule mtu alirudi kwao Kitui kuuguzwa na mkewe na mama yake. Hivyo ndivyo tunavyofanya wote, kwa sababu kambini hapana wa kukupikia uji. Jeraha likavimba, likatoa usaha. Akaenda hospitali nyingine huko huko Kitui. Huko muuguzi na daktari walifungua ile mishono wakatoa kipande cha kokoto, na wakaandika vizuri: nyonga ya kulia, upande wa nje, kina chake, kitu kilichotolewa, na maneno ya mgonjwa mwenyewe kwamba aliumia kazini tarehe fulani. Leo anachechemea. Gengi halimchukui, kwa maana hawezi kubeba.

Alipodai fidia, jibu lilikuwa fupi. Karatasi ya kwanza yasema mguu, karatasi ya pili yasema nyonga. Karatasi ya kwanza haisemi kazi. Basi, wasema, twajuaje kwamba ile nyonga hukuiumiza kwenu Kitui?

Ndugu zetu, tazameni jambo hili vizuri. Hapana aliyesema uongo. Yule aliyeandika "mguuni" hakusema uongo, kwa maana katika lugha yetu ya kila siku mguu ni kuanzia nyongani mpaka unyayoni. Mgonjwa mwenyewe labda alisema "kiuno", kwa maana wengi wetu huita nyonga kiuno. Lakini neno likiwa pana, mwenye mali hupita katikati yake na gari lake. Twapigania karatasi hiyo hata sasa. Nguvu yote tuliyo nayo imetoka kwa wale wawili wa Kitui walioandika mistari sita badala ya mmoja.

NAMBA ZA MAJERAHA

Kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Katika hospitali kila ugonjwa na kila jeraha lina namba yake, kama vile kila behewa lina namba yake. Mwanzo wake ni orodha ya sababu za vifo iliyotolewa mwaka 1893 na Mfaransa Jacques Bertillon. Tangu mwaka 1948 orodha hiyo imekuwa mikononi mwa Shirika la Afya Duniani. Toleo la 10 lilikubaliwa mwaka 1990. Toleo la 11 lilikubaliwa mwaka 2019, na likaanza rasmi tarehe 1 Januari 2022. Namba za toleo la 11 ni nyingine, lakini kanuni ni ile ile. Tutatumia zile za toleo la 10 ili kufahamisha:

S71.0 ni jeraha wazi la nyonga.
S71.1 ni jeraha wazi la paja.
S70.0 ni nyonga iliyopondeka, ngozi haikufunguka.
S72.0 ni shingo ya mfupa wa paja iliyovunjika.
S31.0 ni jeraha wazi la chini ya mgongo na mifupa ya nyonga kwa nyuma.
T93.0 ni madhara yanayobaki baada ya jeraha wazi la mguu.
T14.1 ni jeraha wazi, mahali pa mwili hapakutajwa.

Tazameni hiyo ya mwisho. Mtu ana mwili, na mwili una mahali, lakini namba yasema hapakutajwa.

Tena iko namba ya pili, ya sababu. W20 ni kupigwa na kitu kilichoanguka au kurushwa. W23 ni kubanwa katikati ya vitu. X59 ni sababu isiyotajwa. Na iko tarakimu ya kuonyesha mtu alikuwa akifanya nini: 2 ni kazi ya mshahara, na 9 ni haikutajwa. Marekani wameligawa jeraha la nyonga hata zaidi. Wana namba mbali kwa kulia na kwa kushoto, mbali kwa lililochanika na kwa lililotobolewa, mbali kwa lenye kitu kilichobaki ndani na lisilo na kitu, na herufi ya mwisho ya kuonyesha kama mgonjwa yu katika matibabu ya kwanza, au anarudi kutazamwa, au amebakiwa na madhara. Hawakufanya hivyo kwa kupenda hesabu. Kule bima hulipa kwa namba, na asiye na namba sawasawa halipwi.

Sasa fahamuni kanuni moja ambayo ni mzizi wa maneno yetu yote: karani wa rekodi hawezi kuweka namba ya jambo ambalo daktari hakuliandika. Akiona "kidonda mguuni" hana ruhusa ya kubuni nyonga. Ataweka namba ya haikutajwa. Na katika hesabu ya mwezi ya wagonjwa wa nje, ambapo kuna mstari wa ajali za barabarani na mstari wa majeraha mengine, mwenzetu ataangukia "majeraha mengine". Wizara itasoma hesabu hiyo. Kaunti itasoma. Mwenye bima atasoma. Wote wataona mwezi ule hapana mtu wa reli aliyeumia nyonga.

Hivyo ndivyo mfanya kazi anavyogeuzwa kuwa mtu wa namba tisa: alikuwapo, aliumia, lakini hakutajwa.

JAMBO HILI SI GENI KATIKA NJIA HII

Ile reli ya kwanza kutoka Mombasa ilianza mwaka 1896, ikapita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu, ikafika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Wenye reli walileta Wahindi 31,983 kwa mkataba. Katika hao waliandika kwamba 2,493 walikufa, na 6,454 waliharibika afya wakarudishwa kwao kwa kutofaa kazi. Twajua hesabu hiyo mpaka mtu wa mwisho. Kwa nini? Si kwa sababu matajiri wa wakati ule walikuwa na huruma. Ni kwa sababu kila mtu alikuwa na mkataba, na mkataba ni karatasi, na karatasi huhesabiwa.

Na babu zetu je? Walikata miti, walibeba maji na udongo, walipita na mizigo katika nchi hii hii ya Ukambani, miaka ile ile ya njaa kubwa ya Ngomanisye. Wangapi waliumia nyonga? Ni nani aliyewaandika kama walivyoandikwa wale wa mkataba? Wao hawana tarakimu katika vitabu. Hawakuwa wachache, hawakuwa wavivu, ila hawakuwa na daftari.

Mwaka 2017 ilifunguliwa reli mpya, nayo ina stesheni Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Njia ni mpya, injini ni mpya. Je, daftari nalo ni jipya, au ni lile lile la mwaka 1899?

FEDHA YENYEWE

Wako wasiosikia mpaka waone shilingi. Basi tuhesabu.

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 iliondoa ile Sheria ya Fidia ya zamani, Sura ya 236, iliyotoka zama za ukoloni. Sheria hii yasema kila mwajiri awe na bima ya wafanya kazi wake. Yasema mwajiri alipe gharama za matibabu ya aliyeumia kazini. Yasema mwajiri akipata habari ya ajali ampelekee Mkurugenzi wa Usalama Kazini taarifa katika siku 7. Na mtu akibaki na kilema cha kudumu, hesabu yake ni mshahara wa miezi 96 ukigawanywa kwa kadiri ya kilema, kwa mia.

Tuseme mtu alipata Sh. 18,000 kwa mwezi. Miezi 96 ni Sh. 1,728,000. Kilema kikiandikwa 20 kwa mia, apata Sh. 345,600. Kikiandikwa 10 kwa mia, Sh. 172,800. Kikiandikwa 5 kwa mia, Sh. 86,400. Kisipoandikwa, hapati hata senti moja.

Na hapa ndipo nyonga inapokuwa na shida yake. Sheria ina orodha ya vilema mwishoni mwake. Mkono uliokatwa umo, jicho lililopofuka limo, vidole vimo, kila kimoja na kadiri yake. Kidole kilichokatwa hakihitaji maneno mengi, kwa maana kila mtu akiona mkono aona kidole hakipo. Lakini nyonga iliyopona vibaya ipo mahali pake. Mtu akivaa suruali, huoni kitu. Kwa jeraha lisilo katika orodha, Mkurugenzi hupima mwenyewe kilema kwa kufuata mwongozo wa orodha ile. Na atapima kwa kitu gani? Kwa kilichoandikwa na daktari. Kwa hiyo kadiri jeraha linavyojificha chini ya suruali, ndivyo linavyotaka kuandikwa zaidi.

Fomu ya DOSH/WIBA 1 ina sehemu mbili, moja ya mwajiri na moja ya daktari. Mwajiri akiandika "ajali ndogo" na daktari akiandika "kidonda mguuni", fomu imejaa, mihuri ipo, na ndani yake hamna kitu.

Tena liko jambo lingine. Tangu Oktoba 2024 mshahara wetu hukatwa 2.75 kwa mia kwa bima ya afya ya jamii. Jeraha la kazini lisipoandikwa kuwa la kazini, ni nani atalipa kitanda na dawa? Ni ile fedha tuliyokatwa, au mfuko wetu wenyewe, au mbuzi wa mama yetu. Na sheria ilikuwa imemwambia mwajiri alipe. Neno moja lililokosekana, neno "kazini", limehamisha deni kutoka kwa tajiri mpaka kwa mbuzi wa mjane. Kama huo si wizi, basi wizi ni nini?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Mwajiri husema: "Tumemtibu, tumempa ruhusa ya kulala, anataka nini tena?" Twajibu: matibabu ni deni moja na fidia ni deni la pili. Mtu akikugongea ng'ombe, akimfunga kitambaa, bado atakulipa kama ng'ombe halimi tena.

Wakubwa wa hospitali husema: "Foleni ni ndefu, daktari ni mmoja, hana wakati wa kuandika hadithi." Hilo la foleni ni kweli, nasi twalijua kwa sababu sisi ndio tuliomo katika foleni hiyo. Daktari na muuguzi na karani wa rekodi ni wafanya kazi kama sisi, nao wana taabu zao za mishahara na za uchache wa watu. Hatugombani nao. Lakini hatuombi hadithi. Twaomba mistari sita. Yule anayelinda njia huandika saa aliyopita kila kituo, na gari moshi halimngojei. Wakubwa hao basi na waongeze watu, na waweke karatasi iliyokwisha chapwa nafasi za kujaza, ili kazi iwe nyepesi.

Wenzetu wengine husema: "Haya ni ya mawakili. Tukiumia tutakwenda mahakamani." Ndugu, wakati huo umepita. Sheria ya 2007 ilipigwa mahakamani miaka mingi, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ilikubaliana nayo. Mlango wa kwanza ni kwa Mkurugenzi, si kwa hakimu. Usiporidhika na uamuzi wake, una siku 60 za kumpelekea pingamizi. Akijibu nawe bado hukuridhika, una siku 30 za kwenda Mahakama ya Kazi. Lakini katika kila mlango huo kitakachosomwa ni ile karatasi ya siku ya kwanza. Wakili hodari hawezi kushona jeraha ambalo halikuandikwa.

Na wako wanaonong'ona: "Basi tuwaambie waandike kubwa kuliko lilivyo." Hapana! Chama hiki hakitaki uongo. Mchubuko ukiandikwa jeraha wazi, siku ukijulikana utawaharibia wote walioumia kweli. Twataka lililopo liandikwe kama lilivyo, lisizidi wala lisipungue. Anayeogopa ukweli ni yule mwenye deni.

TUNAYODAI YAANDIKWE

Kwa jeraha wazi la nyonga twataka karatasi ya siku ya kwanza iwe na mambo haya:

1. Kulia au kushoto. Mbele, ubavu au nyuma. Neno liwe nyonga, si mguu wala kiuno, kama ni nyonga.
2. Urefu na kina kwa sentimita. Limekatwa, limechanika au limetobolewa.
3. Kitu kilichoonekana ndani: kokoto, chuma, mti, nguo. Kama hakikuonekana, iandikwe kwamba kilitafutwa hakikuonekana.
4. Mfupa na kiungo: je, picha ilipigwa? Imeonyesha nini? Mfupa uliovunjika chini ya jeraha wazi ni jambo la haraka sana, lisichanganywe na kidonda cha ngozi.
5. Je, mgonjwa anachezesha vidole vya mguu, anasikia akiguswa unyayo, na mshipa wa damu wapiga chini ya jeraha?
6. Limesafishwaje, limeshonwa au limeachwa wazi, sindano ya pepopunda imetolewa au la.
7. Saa, tarehe, mahali, kitu kilichomuumiza, na neno hili lisikose: alikuwa kazini, kwa mwajiri fulani.

Na kila akirudi, iandikwe namna linavyopona. Siku ya mwisho iandikwe jinsi nyonga inavyokunja na kunyooka, kama anachechemea, na ukubwa wa kovu. Mwenye kukosea katika karatasi ya kwanza asifute. Aongeze maneno chini, aweke tarehe ya siku hiyo na sahihi yake. Hayo ndiyo maandishi ya haki.

WAJIBU WETU SISI

Kudai kwa wengine bila kujidai wenyewe ni kelele tu. Basi kila gengi lifanye hivi.

Mjumbe wa chama awe na daftari la ajali. Mtu akiumia, aandike siku ile ile: jina, saa, kilomita ya njia, chombo kilichomuumiza, na majina ya wawili walioona. Mwajiri apewe habari kwa barua, na nakala ibaki kwetu. Msiseme "ni kidogo, tungoje". Sheria ina mwisho wake: ajali isiyoarifiwa katika miezi 12, haki yake hufa.

Anayempeleka mgonjwa asimwache mlangoni akarudi. Aingie naye, amsemee kama maumivu yamemzidi, hasa mzee au kijana asiyejua vizuri maneno ya hospitali. Aseme kwa adabu: "Daktari, tafadhali, huyu ameumia kazini, ni nyonga ya kulia, ni mtaimbo." Kisha asome kilichoandikwa. Asiyejua kusoma amwulize anayejua. Hilo si utovu wa adabu. Katiba ya mwaka 2010, Kifungu cha 35, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 zampa mtu haki ya kujua yaliyoandikwa juu yake.

Ninyi mnaorudi Kitui kuuguzwa, sikieni. Kitui na Makueni ni kaunti mbili, na tangu mwaka 2013 kila kaunti ina hospitali zake na madaftari yake. Reli iko Makueni, lakini kidonda hupona Mutomo au Mwingi au Ikutha. Ukiacha karatasi upande mmoja, jeraha lako limekatwa vipande viwili, na mwenye bima atasema ni majeraha ya watu wawili. Chukueni nakala. Picha ya mfupa isiachwe. Lile daftari la shule lisipewe mtoto kuandikia hesabu. Liwekeni pamoja na hati ya shamba, kwa maana lina thamani kama shamba.

Nanyi vibarua wa wakandarasi, msiambiwe kwamba hamna haki kwa sababu hamna barua ya kudumu. Aliyekuajiri kwa mshahara ni mwajiri wako. Leteni habari kwa mjumbe wa chama, hata kama hamjalipa ada.

NENO LA MWISHO

Twamtaka kila mwajiri katika njia hii, mkubwa na mdogo, aweke fomu za ajali mahali pa kazi wala si kabatini Nairobi. Twazitaka serikali za Kaunti mbili hizi ziwape hospitali zao makarani wa rekodi wa kutosha, na karatasi ya majeraha yenye nafasi ya neno "kazini". Twataka Ofisi ya Mkurugenzi isikubali fomu iliyoandikwa "kidonda mguuni" na kunyamaza, bali irudishe na kuuliza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Mgonjwa mmoja akiuliza, ataambiwa asumbue watu wengine. Gengi zima likiuliza, kila siku, kwa kila jeraha, karatasi zitaandikwa. Mwenzetu wa Mutomo bado anangoja jibu la barua yake ya pili, na tarehe yake ya mwisho haijapita. Mjumbe yeyote aliyekuwapo siku ile njiani, au anayejua aliyekuwapo, alete jina kwa katibu kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mashahidi wawili watatosha kulitia neno "kazini" mahali lilipokosekana.

Umoja ni nguvu.

Ni sisi wenzenu wa njia, Makueni.